Wanagenzi Wasiolipwa Katika Ofisi za Serikali Ugenini



Wanachama kadha wa kadha wenye vijana walio masomoni ng'ambo wametuuliza habari za uanagenzi katika ofisi za ubalozi: ni nani apasaye kuomba, na akiisha kukubaliwa hutazamiwa kufanya nini. Tunajibu, walakini jibu letu halitawapendeza wote, kwa kuwa tulipokwisha kuyasoma masharti hayo tangu juu hata chini, tuliona ya kwamba sharti lililo zito kuliko yote halikuandikwa po pote katika karatasi ile.

Tutashika mfano wa Serikali ya Marekani, maana ofisi zake zimo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na karibu kila mji mkuu wa dunia, na maana masharti yake hayakufichwa, kila mtu aliweza kuyasoma. Kwa miaka mingi, hata kufikia mwaka 2022, Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Marekani ilikuwa ikichukua wanafunzi kwa namna hii. Mwombaji lazima awe raia wa Marekani. Basi kijana wa mwanachama wetu ambaye ana kibali cha kusoma tu kule, asijisumbue kujaza fomu. Awe mwanafunzi wa chuo, na masomo yake yawe yanakwenda vema. Akubali kupimwa kama hatumii madawa ya kulevya. Akubali kuchunguzwa habari zake: amekaa wapi, amesafiri wapi, jamaa zake ni nani, anadaiwa nini na nani, mpaka apewe idhini ya kuona karatasi za siri, na uchunguzi huo huweza kuchukua miezi, naye wakati huo hajui kama atakwenda ama hatakwenda. Tena awe tayari kutumika majuma 10 kwa uchache. Hayo yote hatuyapingi. Serikali yo yote yenye akili humtazama mtu kwanza kabla ya kumkabidhi ufunguo wa kabati.

Kisha huja neno jingine, fupi, kama lililosahauliwa likakumbukwa mwisho: kazi hii kwa wengi haina mshahara. Nauli ya kwenda na kurudi ni juu ya mwanafunzi. Pango ni juu yake pia, isipokuwa vituo vingine vyenye nyumba vilivyoweza kumkaribisha. Pasipoti, chanjo, chakula, nguo ya kuingia nayo barazani kwa Balozi, yote ni juu yake.

Na kazi yenyewe ni ipi? Mwanagenzi husoma magazeti ya mji na kuandika muhtasari. Huingia mikutanoni akaandika yaliyosemwa. Hutengeneza safari za wageni wakubwa wanaokuja kutoka kwao, husaidia katika ofisi inayoshughulika na viza na raia waliopotewa na pasipoti, huandika rasimu ya taarifa itakayotiwa sahihi na mtu mwingine. Sisi tuliokaa ofisini tangu ujana twaijua kazi hiyo, nayo ina jina lake, ni ukarani. Tumeifanya, na ilipokwisha mwezi tulikwenda kwa mhasibu.

Basi na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Majuma 10, kila juma saa 40, ni saa 400. Ujira wa chini kabisa uliowekwa na sheria ya Marekani kwa nchi nzima ni dola 7.25 kwa saa moja, nao haukuongezwa tangu mwaka 2009. Saa 400 kwa ujira huo ni dola 2,900. Hicho ndicho ambacho mwenye duka la mikate angalipaswa kumlipa kijana yule kwa kufagia na kufunga mikate, wala hakuna ambaye angalimsifu mwenye duka kwa kulipa. Serikali, ambayo ndiyo iliyotunga sheria ya ujira mwaka 1938, ilipokea saa zile zile 400 bila kulipa hata senti. Tena wako wanafunzi waliotaka chuo chao kiwahesabie kazi hiyo kuwa sehemu ya masomo, na chuo kikawatoza ada ya masomo hayo kama kawaida. Hivyo mtu alilipa nauli, akalipa pango, akalipa na ada, kusudi aruhusiwe kufanya kazi ya Serikali.

Sasa watazameni vijana wawili. Mmoja ni mtoto wa wakili katika mji wa Boston. Wa pili ni mtoto wa dereva wa lori katika Alabama, ambaye kila likizo huosha vyombo hotelini ili apate ada ya kipindi kinachofuata. Wote wawili ni raia, wote wana akili, wote hawatumii madawa, na habari zao zikichunguzwa hapana la aibu. Wa kwanza alijaza fomu, baba yake akanunua tikiti. Wa pili alisoma masharti hata mwisho, akahesabu, akaikunja karatasi akairudisha mfukoni. Huyu hakukataliwa na mtu. Hapana barua ya kumkataa katika jalada lo lote, hapana sahihi ya ofisa aliyemkataa, wala hapana mahali pa kupeleka rufani. Akija mkaguzi na kuuliza, "Je, mmewabagua watoto wa maskini?" ofisi itajibu kwa haki kabisa kwamba haikupata kumwona hata mmoja.

Katika jambo hili Waingereza wa zamani walikuwa wakweli kuliko watu wa siku hizi. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza, mtu aliyetaka kuingia katika kazi ya ubalozi ya Uingereza alipaswa kuonyesha kwamba ana mapato yake mwenyewe yapatayo pauni 400 kwa mwaka, mbali na kazi, maana miaka miwili ya kwanza alitumika bila mshahara. Jambo hilo lilijulikana na watu wote. Tume iliyotoa taarifa yake mwaka 1914 ilishauri sharti hilo liondolewe, na vita vilipokwisha, mwaka 1919, likaondolewa. Liliweza kuondolewa kwa sababu lilikuwa limeandikwa. Sharti lisiloandikwa, litafutwa kwa kalamu gani?

Wamarekani nao waliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1924 Bunge lao lilipitisha sheria iitwayo kwa jina la mbunge Rogers, iliyounganisha kazi ya ubalozi na kazi ya konseli na kupanga mishahara ya kutosha, ili mtu asiye na mali ya baba yake aweze kuiwakilisha nchi yake bila kuaibika. Ilikuwa sheria njema. Bali mlango mkubwa ulipofunguliwa kwa mshahara, uani palitokea mlango mdogo wa wanafunzi, na apitaye mlango huo mdogo hujuana na wenye nyumba. Hujifunza jinsi nyumba inavyoendeshwa, hupata barua ya sifa yenye muhuri, na siku ya kuomba kazi yenyewe huja kama mtu aliyekwisha kunywa chai humo ndani.

Wako watakaotuambia kwamba kazi hii ni ya hiari, na mwenye hiari yake hana la kudai. Tunawaomba wasome historia ya sheria za Marekani yenyewe. Mwaka 1884 Bunge la nchi hiyo lilikataza idara yo yote ya Serikali kupokea kazi ya bure ya mtu ye yote, ila kukiwa na hatari ya ghafula iletayo kifo au uharibifu wa mali. Na kwa nini walikataza? Si kwa sababu ya wanafunzi. Ni kwa sababu ya makarani! Wakubwa wa idara walikuwa wakiwataka makarani wa daraja za chini "wajitolee" kufanya kazi zaidi ya muda uliowekwa na sheria, hivyo idara ikaponya fedha yake kwa jasho la wadogo, na baadaye makarani wale wakaja kudai ujira wao. Bunge likaona kwamba hiari ya mtu mdogo mbele ya mtu mkubwa ni neno la kutazamwa mara mbili. Twapenda kila mwanachama aikumbuke sheria hiyo ya 1884, maana ni mara chache Bunge la nchi kubwa kuandika katika sheria jambo ambalo makarani wa dunia nzima walikuwa wakilijua kimoyomoyo.

Sheria ile ilidumu hivyo hata mwaka 1978, ndipo wanafunzi walipotolewa katika ulinzi wake. Sheria ya mwaka huo iliruhusu idara kupokea kazi ya wanafunzi kwa masharti matatu: chuo kiwe kimetoa ruhusa, na kazi iwe sehemu ya mpango wa kuwapa elimu, mwanafunzi asilipwe, tena asitumiwe kumwondoa mtumishi katika kazi yake. Sharti la tatu ni jema kwa maandishi. Sisi twajua jinsi linavyovunjwa pasipo kuvunjwa: mtumishi hafukuzwi, ila akistaafu nafasi yake haijazwi, na kila miezi mitatu huja mwanafunzi mpya kukalia kiti chake. Sheria hiyo hiyo yasema mwanafunzi wa namna hii hahesabiwi kuwa mtumishi wa Serikali kwa jambo lo lote, isipokuwa katika mambo kama fidia ya kuumia kazini. Yaani akivunjika mguu akiwa kazini ni mtumishi. Mguu ukipona, si mtumishi tena. Hatusemi hayo kwa mzaha. Fidia ni kitu chema, nasi twafurahi kuwa wameiweka. Tunachostaajabia ni kwamba Serikali iliweza kumtambua kijana kuwa mtu wake siku ya ajali, isiweze kumtambua siku ya mshahara.

Mwaka 2009 Wizara hiyo ilianzisha pia mpango wa wanafunzi kufanya kazi wakiwa kwao, kwa njia ya mtandao, saa chache kila juma, bila kulipwa. Huo angalau haukumtoza mtu nauli. Hatuna zaidi la kusema juu yake.

Neno linalosikika sana ni hili, kwamba kijana anajifunza, na kujifunza ndiyo malipo. Hivi sisi hatukujifunza? Nani miongoni mwetu aliyeingia masjala siku ya kwanza akijua namba za majalada? Tulifundishwa na wakubwa wetu, tulikosea, tukafoka barua mara tatu kabla haijafaa, na mshahara wa karani mpya, mdogo kama ulivyokuwa, tulipewa. Wazee waliokusanyika Tanga mwaka 1922 wakaanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali walikuwa watu wa mishahara midogo sana ukilinganisha na ya Wazungu walioketi vyumba vya pili, na hiyo ndiyo iliyokuwa mojawapo ya huzuni zao. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba kwa kuwa wanajifunza kazi za Serikali basi wasilipwe kitu. Kila afanyaye kazi hujifunza. Daktari wa miaka 30 bado hujifunza. Tukiifanya elimu kuwa mshahara, itabidi kwanza tuanze na mawaziri.

Wengine husema fedha haipo. Neno hili lilikuwa na nguvu mpaka mwaka 2022. Mwaka huo Bunge la Marekani lilitenga fedha, na Wizara ikatangaza kwamba itawalipa wanagenzi wake, pamoja na kuwasaidia nauli na malazi. Mwaka huo huo Ikulu ya Marekani nayo ilianza kuwalipa wanagenzi wake, ambao kwa miaka mingi walitumika bure. Wabunge wenyewe walikuwa wamekwisha kutangulia: katika bajeti ya mwaka 2019 walitenga dola milioni 8.8 kwa ajili ya wanagenzi wa baraza la chini, na milioni 5 kwa wa Seneti. Basi fedha ilikuwapo. Ilipotakiwa ilionekana, nayo haikuitikisa hazina ya nchi ile hata kidogo. Lakini wanachama wasifikiri kwamba shauri limekwisha. Fedha iliyotolewa kwa kura ya bajeti ya mwaka mmoja yaweza kutotolewa katika mwaka mwingine, na ile sheria ya 1978 inayoruhusu kazi ya bure haikufutwa. Mlango umerudishwa, haukufungwa kwa ufunguo.

Ulaya nako habari ni hizo hizo. Umoja wa Ulaya una ofisi zake za uwakilishi katika nchi nyingi, zetu pia, na ofisi hizo zilikuwa na wanagenzi wengi wasiolipwa. Kijana mmoja wa Austria aliyetumika hivyo katika ofisi moja ya Asia alipeleka mashtaka kwa Mchunguzi wa malalamiko ya raia wa Umoja huo, Bibi Emily O'Reilly. Mwaka 2017 Bibi huyo alishauri kwamba wanagenzi wote wa ofisi hizo walipwe posho ya kufaa, kwa kuwa desturi ile iliwapa nafasi wale tu wenye uwezo na kuwaacha wengine nje. Baada ya hapo idara husika iliomba fedha ya kuwalipa. Twataka wanachama watie alama hapa. Jambo hili halikuanza kwa mawaziri wala kwa maprofesa. Lilianza kwa mtu mmoja aliyekwisha kutumika bure, akaandika barua ya malalamiko, akangoja.

Mwanachama atauliza: yote haya ya Wamarekani na Wazungu yatuhusu nini, ikiwa watoto wetu hata uraia hawana? Yatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ofisi hizo zimo mijini mwetu, na waliomo ndani yake ndio watutazamao sisi na kuandika habari zetu kwa wakubwa wao. Ikiwa wote wametoka nyumba zisizopata kukosa kitu, wataandika wanavyoona. Kijana aliyepata kukosa nauli angaliona neno jingine katika foleni ile ya watu waliosimama tangu alfajiri na bahasha zao mikononi.

Sababu ya pili yatuuma zaidi, nasi tutaisema ijapokuwa yatugusa wenyewe. Katika ofisi moja ya Serikali hapa kwetu, ambayo hatutaitaja, alikuja mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo. Karani wa masjala alikuwa likizo ya uzazi, na mwanafunzi yule alitiwa mahali pake. Kwa majuma manane alipokea barua, akaziandika daftarini, akafungua majalada, akapeleka faili ghorofa ya tatu na kuzirudisha. Kazi yake ilikuwa safi. Mwandiko wake twausoma mpaka leo. Saa ya chakula alikuwa akitoka, naye alirudi kwa wakati, nasi tulidhani amekula. Ni mama anayetuletea chai aliyetuambia, juma la saba, kwamba kijana yule hukaa chini ya mwarobaini nyuma ya gereji mpaka saa ikaisha, na kwamba asubuhi huja kwa miguu kutoka Buguruni hata Posta. Wenzake waliokuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo walipata fungu la mafunzo ya vitendo. Yeye hakuwa na mkopo. Juma la nane lilipokwisha alileta daftari lake la mafunzo litiwe sahihi. Tuliandika "Amefanya vema sana," tukapiga muhuri. Muhuri hauna gharama.

Hatukumdhulumu kwa kusudi. Wala hatudhani kwamba ofisa wa ubalozi aliyempokea mtoto wa wakili alikusudia kumdhulumu mtoto wa dereva. Hivyo ndivyo mambo haya yaendavyo, kila mtu akitimiza wajibu wake wa siku. Lakini hatuwezi kuwanyoshea Wamarekani kidole juu ya saa 400 huku daftari la masjala yetu limejaa mwandiko wa mtu ambaye hakulipwa hata nauli ya daladala.

Kwa hiyo tutaleta maneno haya katika mkutano wa robo mwaka, na wanachama wajiandae kuyakataa au kuyakubali. Kwamba Chama kiiandikie Wizara inayohusika na utumishi, kuomba kila ofisi ya Serikali ipokeayo mwanafunzi, iwe hapa nchini au katika ubalozi wetu nje, iwe na fungu la nauli na chakula chake, nalo liandikwe katika makadirio ya mwaka. Kwamba ofisi isiyo na fungu hilo iseme wazi katika tangazo lake, mstari wa kwanza, kwamba mwombaji atajigharimia, na kwa kiasi gani. Mwenye aibu ya kuandika hivyo na atafute fedha. Kwamba mwanafunzi asikalishwe kiti cha mtumishi aliye likizoni. Na mpaka Wizara itakapojibu, kila tawi la Chama lichangishe kidogo kidogo kwa ajili ya chakula cha mchana cha mwanafunzi aliye katika ofisi yake. Jambo hili la mwisho halihitaji idhini ya mtu.

Wanachama waliotuuliza kwanza watapata karatasi ya masharti kwa Karani wa Chama, kila siku baada ya saa kumi jioni. Wakiisoma, waanze na ukurasa wa mwisho.